Upande Usiopakwa Rangi

Tofali la kwanza lilitoka zima zima, na Randa akalitemea mate kabla ya kulitupa. Alikuwa amelisubiri kwa miaka tisa.

Mtaani walimwita Randa kwa sababu hakuna aliyelainisha mbao kama yeye. Sebule hii, katika nyumba ya marehemu baba yao, aliiwekea dari mwenyewe akiwa kijana, kazi yake ya kwanza kubwa. Mbao ndefu hazikupatikana, akaunga fupi mbili mbili. Boriti tano, kila moja na kiungo chake katikati, kisha akazifunika kwa mbao za dari. Mafundi wazee walitikisa vichwa, lakini dari ikakaa. Tangu hapo kila mteja mwenye kusitasita aliletwa hapa, akaambiwa ainue macho.

"Boriti za kuunga hizo. Umeona palipopinda?"

Hakuna aliyeona, na Randa akapata kazi.

Halafu akasafiri miezi miwili kikazi. Aliporudi alikuta ukuta wa matofali umepita katikati ya sebule, kutoka sakafuni hadi darini, na mdogo wake amesimama mbele yake, mikono imejaa saruji.

"Wewe chukua upande huo, mimi nachukua huu," mdogo mtu alisema, bila kumtazama usoni. "Tusibughudhiane."

Hapakuwa na kikao wala shahidi. Mali ya baba ilikatwa kama mkate. Randa alimwita mwizi, akamwita nyoka, na kuanzia siku hiyo hakumwita tena. Upande wake wa ukuta hakuupiga lipu wala kuupaka rangi. Aliuacha matofali matupu ili kila mgeni aulize, naye apate pa kuanzia kusema.

Mama yao, aliyeishi chumba cha nyuma, alikuwa na neno moja tu kila ugomvi ulipofufuka: "Ukuta huo uacheni." Randa akajua mama keshachagua mtoto.

Kilichomkera kuliko vyote ni lile swali. Kila msimu wa mvua, ikishanyesha siku mbili tatu mfululizo, mdogo wake aligonga ukuta kutoka upande wa pili.

"Kaka, dari huko inalia?"

Kejeli tupu! Seremala mzima anaulizwa kama kazi yake inalia. Randa hakuwahi kumjibu ila kwa tusi.

Mwezi uliopita mdogo mtu alihamia kwake, nyumba aliyojijengea, akaacha ufunguo kwa mama. Leo, chai ikiwa bado ya moto mezani, Randa akachukua nyundo kubwa na ngazi.

Alikuwa kwenye tofali la tano mlango ulipofunguka. Mdogo wake aliingia na mzigo wa mirunda begani, ile miti ya kushikilia zege mpaka likauke, akihema.

"Mama kanipigia simu. Kaka, shuka. Tuegemeze boriti kwanza, pande zote mbili. Ndiyo ubomoe."

"Toka nyumbani kwangu."

"Nitatoka. Niache niweke miti kwanza."

"Miti ya nini? Dari hii nimeifunga mimi, wewe hujaota hata ndevu. Ilikuwepo ukuta wako haujazaliwa! Sasa huo ukuta unabeba nini, pumbavu wewe, zaidi ya roho yako mbaya?"

Mdogo mtu alifungua mdomo. Akamtazama mama, aliyekuwa amesimama mlangoni kashika khanga yake kwa mikono miwili, akaufunga. Akaanza kusimamisha miti, mmoja huku, mmoja kule, akigongea kabari chini yake harakaharaka. Randa alishuka akaupiga mmoja teke. Mdogo wake akauokota, akausimamisha. Randa akauangusha tena. Ukasimamishwa tena, bila neno, na huko kunyamaza ndiko kulikompandisha Randa hasira hadi masikioni. Alitamani atukanwe.

"Basi simama nayo hapo hapo," alisema. "Uone kama kuna kitakachokuangukia."

Alipanda ngazi hadi juu kabisa, kwenye mstari wa mwisho wa matofali, akashusha nyundo kwa nguvu zake zote.

Matofali matatu yalitoka kwa mpigo, na ubao mwembamba uliofunika pale ukuta unapokutana na dari ukaporomoka nayo. Dari ikalia. Ikashuka upana wa kidole, miti ikaguna, ikashika. Mama akapiga ukelele. Mdogo mtu alikuwa amekumbatia mti mmoja, macho ameyafumba, chokaa ikimdondokea kichwani.

Vumbi lilipotulia, Randa aliinua macho, kama alivyokuwa akiwaamuru wateja wake. Kiungo cha boriti ya kwanza kilikuwa wazi, vidole vitatu vingeingia. Ubavuni mwa boriti palikuwa na maandishi ya penseli, mwandiko wa mdogo wake, maagizo aliyomwachia mwashi. Tarehe ilikuwa ya siku ya tatu baada ya yeye Randa kusafiri.

"Fundi, ukuta upite hapa, chini ya viungo. Vimeachia vyote vitano. Kaka asijue."