Kiazi cha Alhamisi

Jumatano, Attracta alimwambia mdogo wake ageuze mifuko nje, hapo hapo mlangoni, mvua ikimnyeshea.

"Ya koti kwanza," alisema. "Halafu ya suruali."

"Na viatu je, afande? Nivue?" Cathal aliuliza. Lakini aligeuza. Zikatoka funguo, leso na risiti ya dizeli ya trekta. Biskuti hakuna. Hata chembe ya mkate hakuna.

"Unampa nini Baba?"

"Nampa matokeo ya mpira, dada. Au nayo yana ngano?"

Attracta hakucheka. Jumapili nne mfululizo Cathal alikuja saa saba mchana kukaa na baba yao. Jumapili nne mfululizo, ilipofika jioni, mzee alikuwa amejikunja kitandani, ameshika tumbo kwa mikono miwili.

Mzee Fintan Geraghty alikuwa na miaka sabini na minane. Baada ya kumzika mkewe alianza kuumwa tumbo kila alipokula, akaona dawa ni kutokula. Majira yote ya baridi aliishi kwa chai. Wanawe walipogundua, suruali yake ilikuwa imefungwa kiunoni kwa kamba ya kufungia majani ya ng'ombe.

Bi Halloran, mtaalamu wa lishe kliniki ya mjini, alisema mtu aliyekaa na njaa muda mrefu vile, vipimo vya damu yake havisemi ukweli. Njia iliyobaki ni kuondoa kila kitu, kisha kurudisha kimoja kimoja. Mzee akabaki na wali, nyama ya kondoo, karoti na mapeasi. Kila Alhamisi chakula kimoja kinarudi. Asipoumwa wiki nzima, kimepita. Akiumwa, kinatoka.

"Ngano itakuwa ya mwisho," Bi Halloran alisema. "Ndiyo ninayoishuku zaidi. Hata chembe iliyobaki kwenye kisu inaweza kumlaza."

Attracta akatupa visu. Akatupa vibao vya kukatia, miiko na sufuria, akanunua vipya. Kibaniko cha mkate alikipasua kwa shoka nyuma ya nyumba. Kila kilichopita kwenye koo la baba yake alikiandika daftarini, na saa yake.

Hata hivyo mambo hayakwenda. Kiazi kilirudi Alhamisi, kikafukuzwa Jumapili. Mtu wa Roscommon, kaunti inayoishi kwa viazi, umnyime kiazi! Mzee aligeukia ukutani siku nzima. Yakaja maziwa, yakafukuzwa. Yai. Samaki. Hapo Attracta akajiuliza: itakuwaje kila kitu duniani kimkatae mtu mmoja, tena siku ile ile? Ndipo alipoanza kumtazama Cathal.

Na muda ulikuwa hautoshi. Jumanne mzani wa kliniki ulisoma kilo arobaini na saba. Bi Halloran hakuzunguka. Akishuka chini ya arobaini na sita, analazwa, analishwa kwa mpira puani. Hospitali ile ndiyo aliyoingia mkewe kwa miguu, akatoka kwenye jeneza.

"Mkinipeleka kule," mzee aliwaambia, "mniage kabisa."

Attracta alimwacha Cathal mlangoni, akaingia chumbani.

"Baba, niambie ukweli. Cathal amekulisha nini?"

"Hajanilisha kitu."

"Usimfiche."

"Nakuapia mbele ya Mungu, Attracta. Hakuna chakula kilichoingia mdomoni mwangu ambacho hukukiandika."

Mzee hakuwa mtu wa kuapa ovyo. Attracta akarudi mlangoni amekunja uso.

"Labda kuna kitu unakikosea wewe," Cathal alisema.

"Mimi? Mimi ninayeosha mikono mpaka viwiko kabla ya kumshikia kikombe? Jumapili ijayo usije."

"Ni baba yangu pia."

"Basi mwache aishi."

Cathal akarudisha mifuko ndani, akaenda zake.

Alhamisi, Attracta alijaribu kiazi tena. Kimoja, cha kuchemsha, chumvi kidogo. Mzee alikila polepole, amefumba macho, akakaa na uma mkononi muda mrefu baada ya sahani kuisha.

Ijumaa tumbo kimya. Jumamosi mzee aliomba viwili.

"Na siagi?" aliuliza.

"Baba, usiniue."

"Nimeuliza tu. Kuuliza hakunenepeshi."

Jioni alipanda mzani wa bafuni. Kilo arobaini na saba na nusu. Attracta alifungulia maji ya bomba ili mzee asimsikie akilia. Alifurahi, na aliumia kwamba mkosaji kweli alikuwa ndugu yake.

Jumapili gari la Cathal halikuonekana. Mzee alikuwa amenyoa ndevu, amefunga tai, anamsubiri binti yake arudi kanisani. Hakuwa ameweka kitu mdomoni tangu aamke, kama alivyozoea Jumapili zote za maisha yake. Tangu miguu yake imshinde, Padri alimruhusu Attracta kumletea komunyo nyumbani.

Attracta aliingia, akaosha mikono mpaka viwiko. Akatandika kitambaa cheupe mezani, akawasha mshumaa. Akafungua kijaluba cha dhahabu kilichoning'inia shingoni mwake, akatoa kile kikate cheupe, chembamba kama ukucha, ambacho masista huoka kwa unga wa ngano na maji tu.

"Mwili wa Kristo," alisema.

"Amina," alijibu mzee, akafungua kinywa.