Kisanduku cha Mwisho

Saa tatu na dakika nane asubuhi, Serwaa alitia tiki kwenye visanduku vitatu vya mzio: penisilini, mpira wa glavu, karanga. Akahifadhi fomu ya wagonjwa kwenye kompyuta. Alipoifungua tena, ilibaki tiki moja tu, ya karanga.

Alirudia mara mbili. Kila mara kilibaki kisanduku cha mwisho.

Fomu aliitengeneza mwenyewe, na hospitali moja ya Kumasi ilianza kuitumia Jumatatu. Alikuwa ameijaribu mara thelathini, kila mara kwa tiki moja, kwa sababu yeye mwenyewe ana mzio mmoja.

Alifungua orodha ya upasuaji ya siku hiyo. Mgonjwa wa kwanza, mwanamke wa miaka ishirini na sita: karanga.

Alipiga simu chumba cha upasuaji. Muuguzi alipokea akicheka.

"Ee, Madam Kompyuta! Karanga tumeiona. Usijali, humu hatumpikii mtu supu ya karanga."

"Sista, muulize mgonjwa kama ana mzio mwingine."

"Nimuulize vipi? Ameshalala, dada yangu. Dawa ya usingizi imemshika."

"Basi msimchome penisilini. Fomu inafuta majibu."

Kicheko kilikatika.

"Tumemchoma sasa hivi," muuguzi alisema.

Kidole cha Serwaa kilikuwa bado juu ya kitufe cha kipanya. Katika simu alisikia shuka likivutwa.

Saa tatu na dakika kumi na nne, muuguzi alisema, lakini si kwake: "Daktari, tazama shingo yake, inavimba."