Bangili ya Meneja

Sheria ya kuhamia makao makuu ya kampuni ng'ambo ilikuwa moja: meneja huagiza, hatendi. Kwa siku tisini bangili ya ubalozi ingechunguza mikono ya Nyamizi, ofisini hata nyumbani. Akifanya kazi ya mikono, ombi lake la viza hutupwa.

Siku ya themanini na tisa, msusi hakuja. Nyamizi alimkuta bintiye Kabula analia, nywele timutimu.

"Mama, nisuke wewe."

Akambana kati ya magoti, akachukua chanuo. Bangili ikawaka nyekundu. "Mwombaji anafanya kazi."

"Ndiyo, nafanya," akaijibu. "Kaandike."

Akagawa nywele, akaanza kusuka. Vidole vikakwama, vilishasahau njia.

"Basi, mama," Kabula akanong'ona. "Niagize tu, nitajisuka."

"Tulia," Nyamizi akasema. Akafumua, akaanza upya.