Mkasi wa Dirisha la Saba

"Pasipoti ya zamani," alisema karani wa uraia, mkasi mkononi.

Mama alikuwa ameshakula kiapo. Cheti chake kipya kilikuwa mezani, wino wa muhuri haujakauka vizuri. Miaka ishirini na sita ya kuambiwa "njoo kesho" ilikuwa inaishia pale dirishani.

Karani akaifungua pasipoti kwenye ukurasa wa watoto. Majina yalikuwa yameliwa na maji, lakini picha mbili zilibaki: mimi na pacha wangu tukiwa na miaka mitatu, tumefanana kama shilingi kwa ya pili. Yeye alifia njiani tulipokuwa tunakimbia vita. Hatuna picha yake nyingine.

"Fomu inasema una mtoto mmoja, mama. Huyu wa pili ni nani?"

Fomu niliijaza mimi. Marehemu asiye na cheti cha kifo angeturudisha mwanzo kabisa.

"Zote ni mimi," nilidakia. "Walikosea, wakabandika mara mbili."

Karani akacheka. "Nchi yenu hiyo! Ndiyo maana mkaikimbia."

"Mwanangu, niachie ukurasa huu tu," Mama alimwomba.

"Haiwezekani, mama. Pasipoti ya zamani lazima ikatwe kona."

Mkasi wake ulikuwa butu. Aliukandamiza mara tatu ndipo kona ikaachia, na nusu ya uso wa pacha wangu ikadondoka mezani.

"Hongera, mama. Sasa wewe ni mwenzetu."

Mama hakunitazama. Alikiokota kile kipande, akakifumbata, kisha akamsogezea karani cheti.

"Kata na hiki."