Pumzi Kumi

Alikuwa kwenye pumzi ya nne alipomkumbuka mama mkwe wake akitafuna kiazi. Basi, hesabu ikaharibika. Akaanza upya. Moja.

Miguu kaikunja, macho kayafumba, viganja juu ya magoti. Zilitakiwa kumi tu, pumzi kumi mfululizo bila wazo kukatiza. Wiki ya tatu hii, na hajawahi kuvuka sita.

Wala haukuwa mchezo. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio kama mwizi aliyepigiwa kelele, na daktari alimwambia pasipo kuficha, "Ukiendelea hivi, mwaka huu hutaumaliza." Akampeleka kwa nesi wa presha, mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza watoto, ambaye kazi yake ni kufundisha watu wazima kukaa kimya.

"Wazo likija usipigane nalo, baba," nesi alimwambia. "Lifanye mgeni wa njia. Liambie karibu, pita. Kisha rudi kwenye pumzi yako."

"Na likiwa wazo la maana?"

"Yote hujiita ya maana. Ukilikimbilia moja, limekuja na shangazi zake."

Nyumbani alishindwa. Alikaa chumbani, watoto wakawa wanachungulia mlangoni kwa zamu kama wanaoaga maiti. Mkewe akauliza, "Baba watoto, unaumwa au umeninunia?" Aliyemaliza kazi ni mama mkwe. "Mwacheni," alisema. "Huenda anaatamia."

Akatafuta mahali pengine, akapapata huko huko kazini, saa ya mchana watu wanapokwenda kula. Palikuwa pamepoa, kimya, hapana mtu. Ukikohoa, kikohozi kinakurudia mwenyewe. Hakumwambia yeyote. Msimamizi mzima, mwenye ndevu zake, aonekane kakaa chini kafumba macho? Wangemcheka mpaka astaafu.

Moja. Mbili. Tatu.

Likaja lile wazo lake kubwa, lile lililokuwa likimla moyo. Je, wametoka wote?

Kiwanda kilikuwa cha mafuta ya kula, na matangi yake huoshwa na watu wanaoingia ndani na brashi. Miaka minane nyuma, tangi lilifungwa mtu akiwa bado yumo. Bahati yake brashi ilikuwa na mpini wa chuma. Aligonga mpaka wakamsikia. Alitoka hai, ila kazini hakurudi, na mpaka leo analala mlango wazi. Aliyesema "fungeni" siku ile ni yeye mwenyewe, msimamizi.

Tangu hapo akaweka sheria. Kila mwoshaji ana kibati chenye namba yake. Akiingia anakitundika ubaoni, akitoka anakitundua. Ubao ukiwa mtupu, tangi linafungwa, hakuna kuulizana. Vibati kumi na viwili, alivikata kwa mkono wake mwenyewe.

"Na chako kiko wapi, bosi?" naibu wake alimtania.

"Mchunga mbuzi hajihesabu na mbuzi." Wakacheka wote.

Sheria ilikuwa nzuri, lakini haikumponya. Kufunga kulikuwa kazi yake, na kila siku ilikuwa vilevile. Ubao mtupu anauona, anarudi kuutazama. Akishaondoka, anarudi tena. Wakambandika jina, Mara Tatu.

Asubuhi hii naibu alimshika bega. "Mara Tatu, kufunga niachie mimi. Ubao ukiwa mtupu nafunga, sikungojei. Wewe nenda kapumzike, usije ukatufia bure."

Akakubali. Mdomo ulikuwa mzito, lakini akakubali. Nesi angempigia makofi.

Je, wametoka wote? Karibu. Pita.

Moja. Mbili. Tatu. Chuma kikalia, kri, kri, kri. Mtu anakaza nati. Nesi alisema sauti nazo ni wageni. Karibu. Pita. Nne.

Mwanga uliokuwa ukimsumbua kwenye kope ulikuwa umeshaondoka wenyewe. Kelele za kiwanda zikawa mbali, kama za mtaa wa pili. Alikuwa ameambiwa itakuwa hivyo siku atakayoweza, dunia itajitenga naye kidogo. Tano. Sita.

Inuka, likasema lile wazo. Inuka ukahesabu watu.

Halijawahi kuja na nguvu namna ile. Moyo ukaruka, jasho likamtoka, magoti yakataka kunyooka bila ruhusa yake. Inuka! Yupo mtu ndani!

Akauma meno. Miaka minane limekuwa likimwinua, na miaka minane limekuwa likimdanganya. Kila alipokimbilia tangi alikuta tupu. Leo hainuki. Karibu, akaliambia. Pita.

Likasimama mlangoni kitambo. Likapita.

Saba. Moyo ukashusha mwendo. Nane. Ukapiga polepole, kama wa mtoto aliyeshiba. Tisa. Mabega yakalegea, na chozi moja likamtambaa shavuni, hakulifuta.

Kumi.

Akatabasamu gizani, peke yake kwenye sakafu ya tangi namba nne. Nje, naibu akakaza nati ya mwisho, akautazama ubao mtupu mara moja tu, akamwita mtu wa pampu: "Leta mafuta."