Isale la Mjini

Shangazi Gladys alilinyanyua ua lile kwa kulishika kopo lake ukingoni kwa ncha za vidole, kama mtu aliyetumwa kutupa panya.

"Na hiki nacho ni nini?"

"Ua, shangazi," alijibu Loveness.

Alikuwa amesimama langoni, mtoto mgongoni. Shikamoo zake zilikuwa zimejibiwa na kuku tu. Ndani ya ua wa nyumba kigoda kilikuwa kimewekwa kwa ajili yake, lakini hakukiendea.

Ukoo ulikuwa umemtumia ujumbe Moshi mjini: amlete mtoto, na aje na isale. Mtoto ni wa marehemu Davis, mjukuu pekee wa kiume wa Mzee Eliezeri. Asipopokewa na ukoo, hana fungu katika kihamba, shamba la migomba la ukoo. Na kosa la mama yake lilikuwa limesimuliwa Marangu nzima, mpaka mferejini kwa wachota maji: kaburi la Davis halijakauka udongo, mjane kaondoka na mimba bila kuaga.

Aletewaye jani la isale, hata akiwa na hasira kiasi gani, hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Kwa hiyo wote walikuwa wamejiandaa kusamehe. Ila walitaka kufaidi kwanza.

"Isale limeota kwenye kila uzio kuanzia hapa mpaka Mkuu," alisema Shangazi Gladys. "Hata mbuzi analijua. Huyu kayapita yote, akatuletea la mjini, tena kwenye kopo la rangi."

"Mtoto wa Bomang'ombe huyo," alisema baba mdogo Filemon. "Kule chini watalijulia wapi? Msimlaumu."

Filemon alikuwa bwana shamba kabla serikali haijapunguza watu. Alivaa miwani, akalizungusha kopo. Majani yalikuwa mapana na magumu, yenye michirizi ya kijivu kama yamepakwa majivu, na vimiiba pembeni. Katikati lilisimama ua la rangi ya waridi.

"Plastiki," alitoa hukumu. "Tangu biashara ifunguliwe, sokoni Kiboriloni yamejaa tele." Akalichoma jani kwa kucha, likatoa utomvu. "Basi ni mkonge." Akachungulia katikati, akaona maji yametuama. "Mkonge uliooza." Akaliinamisha, maji yote yakaishia kwenye kiatu chake.

Shangazi Gladys alicheka mpaka akashika ubavu. "Bwana shamba wetu huyo. Ndiyo maana mibuni ilikufa."

"Davis alikuwa akisema lina undugu na nanasi," Loveness alisema taratibu. "Yale maji ndiyo linayokunywa, hapo hapo katikati."

"Nanasi lisilolika," alisema shangazi. "Kama ndoa yenyewe."

Mtoto alijinyonganyonga mgongoni. Loveness alirudisha mkono nyuma, akampapasa wayo mpaka akatulia.

"Alilikuza mwenyewe kwenye bustani ya nyumba ya wageni alikofanya kazi," alisema. "Alilipanda kwenye kokoto na makapi ya kahawa. Hakuwahi kuliona likitoa ua. Nimelileta kwa ajili yake."

"Davis hukumkosea. Uliyemkosea amekaa pale." Shangazi alimnyooshea kidevu kaka yake, Mzee Eliezeri, aliyekuwa ameshika kata ya mbege bila kuinywa.

"Na likishatoa ua, linakuwaje?" aliuliza Filemon, akipangusa kiatu.

"Linakufa polepole, baba mdogo. Linaacha machipukizi ubavuni."

"Mmesikia?" Shangazi aliwageukia wenzake. "Wenzetu wanaleta isale kwa sababu halifi. Huyu anatuletea msamaha wenye tarehe ya kwisha."

Kicheko kilizagaa migombani. Loveness hakucheka wala hakuinamisha uso. Alilichukua kopo lake, akafungua chupa ya maji ya mtoto, akalijaza ua pale katikati, kidogo kidogo, kama anamnywesha mgonjwa.

"Mwangalieni," alisema shangazi, safari hii bila kucheka. "Binti, hata kwenu hawakukufundisha? Mwombaji hupiga magoti. Wewe umesimama kama mtu anayetudai."

"Nimesikia, shangazi."

"Umesikia, na magoti hayakunjiki. Mjukuu wetu atakua hana hata mgomba mmoja, kwa kiburi chako."

Hapo Loveness alilivuta vizuri fundo la kanga kifuani, akahakikisha miguu ya mtoto imefunikwa.

"Basi, Gladys," alisema Mzee Eliezeri. Aliiweka kata chini, akamtazama mkwewe kwa mara ya kwanza tangu afike. "Mama, nimechoka kusikia habari za mikonge na mananasi. Isale huna. Magoti hupigi. Kigoda tumekuwekea, hukitaki. Tangu asubuhi umesimama hapo langoni. Unasubiri nini?"

"Nasubiri mniletee isale langu, baba," alisema Loveness. "Hapa ndipo mliponifungia lango, uchungu wa mtoto huyu ulipoanza."