Kinachorudi Kila Usiku

Mikwaruzo ile haikuwa ya panya. Theodosia alipitisha kidole kwenye fremu ya dirisha la binti yake, akagusa mbao iliyochokonolewa kwa ncha ya kisu.

"Si nilikwambia wiki iliyopita, mama?" Goodness alisema. "Nilisikia mtu anahema."

"Ulisema ni ng'ombe."

"Wewe ndiye ulisema ni ng'ombe."

Kweli, ni yeye.

Theodosia alikuwa mwalimu wa fizikia, mzaliwa wa Muleba, aliyepangiwa kazi Nyanungu. Mumewe alibaki Bukoba. Hapa walikuwa wawili tu, yeye na huyu Goodness wa kidato cha tatu, kwenye nyumba ya kupanga iliyopakana na zizi la Mzee Nchagwa. Mzee huyo hakuwa na maneno mengi, na hayo machache hayakupendeza. Wiki ile ile ya kuhema alimsimamisha Theodosia njiani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Binti yako analala chumba cha upande gani?"

"Kwa nini unauliza?"

Mzee alimtazama, akatema mate pembeni, akaenda zake. Na Theodosia alikuwa amempa blanketi masika yaliyopita, lile la mistari, kwa kumwonea huruma!

Afadhali Marwa. Marwa aliendesha bodaboda na kuongoza vijana wa ulinzi wa kitongoji, na hakuonekana bila kizibao chake cha riflekta, ambacho mstari wake mmoja wa kung'aa ulikuwa umebanduka begani. Ndiye aliyempelekea betri ya kamera yake ya kupigia nyota kuchajiwa senta, kwenye umeme.

"Mama mkwe, betri yako imeshiba."

"Mkwe wa nani? Ng'ombe wa mahari wako wapi?"

"Wanakuja. Wanatembea polepole, njia ina mawe."

Theodosia alicheka. Goodness alibetua midomo, akaingia ndani.

Marwa akainamia kamera. "Hii inapiga mbingu tu, siyo?"

"Mbingu tu. Huku chini panatoka giza."

Ndivyo alivyoamini. Kila jioni anga lilipokuwa safi, aliisimika kamera kwenye kona ya jiko la nje, ikaelekea Njia ya Maziwa juu ya kilima, akaiacha ijipige yenyewe hadi alfajiri. Alitaka picha moja kubwa ya kubandika maabara. Pembeni mwa picha uliingia ukuta wa nyumba, katikati zizi la mzee, na ng'ambo ya zizi majani marefu. Hayo hakuyajali.

Siku ya mikwaruzo aliyajali. Alikaa na kompyuta asubuhi nzima, akazipanga picha zote zilizokuwamo moja juu ya nyingine, na safari hii alilinganisha ardhi badala ya nyota. Picha ya usiku mmoja ni chengachenga tupu. Ukijumlisha za siku nyingi, kompyuta hufuta kila kinachopita: mbwa, popo, taa ya pikipiki. Kinachorudi pale pale kila usiku, hata kiwe hafifu namna gani, hukolea.

Mtu akakolea.

Alisimama kwenye nguzo ya zizi, karibu na dirisha la Goodness. Kilikuwa kivuli tu, uso hauonekani. Lakini mkononi alikuwa na upinde, na mabegani blanketi la mistari.

Marwa alipoonyeshwa, aliinamia kioo kwanza. Kisha akapiga ulimi.

"Mzee mzima! Anakodolea dirisha la mtoto."

"Kila usiku, Marwa. Kila usiku!"

"Tuachie sisi, Mwalimu. Polisi nitawaita mwenyewe baadaye, wasije wakatuvuruga."

Hata jioni haijafika, vijana walimpitisha Mzee Nchagwa barabarani, mikono imefungwa kwa kamba ya katani. Alipofika mbele ya nyumba alikaza miguu.

"Mwalimu," alisema, "leo usimlaze mtoto chumba kile."

"Unasikia?" Marwa akamsukuma. "Amefungwa na bado anatisha watu."

Theodosia alimfungia mzee mlango usoni. Akarudi kwenye kompyuta. Picha za usiku wa jana zilikuwa bado kwenye kamera, hajazijumlisha, na jana ndiyo mbingu ilikuwa safi kuliko siku zote. Polisi watataka uso. Basi awape uso.

Akaziongeza juu ya zile za mwanzo. Jua lilikuwa linazama, na Goodness alikuwa jikoni anamenya viazi na kuimba pambio. Kompyuta ikasaga taratibu. Chengachenga zikapungua, kivuli kikaanza kupata umbo, na Theodosia akasogeza macho karibu na kioo.

Pale alipotarajia uso palikuwa na kisogo chenye mvi.

Alikagua tena. Mzee alikuwa ameligeuzia dirisha mgongo. Mshale ulikuwa tayari kwenye upinde, na upinde ulielekea kwenye majani ng'ambo ya zizi.

Theodosia akayafuata majani. Humo juu ya kichuguu, hafifu kuliko mzee, aliketi mtu wa pili, ameuelekea ukuta wa nyumba. Kifuani pake ilipita mistari miwili myeupe. Mmoja ulikatika begani.

Nje, pikipiki ilizimwa.

"Goodness," aliita kwa kunong'ona.

Mlango ukagongwa kwa adabu.

"Hodi, mama mkwe. Fungua tu. Mzee tumeshamwondoa."